Umeambiwa kibofu kinatolewa? Namna ya kulinda mkojo na nguvu zako, kabla na baada ya operesheni

Maswali ni yale yale kila wiki kwa hiyo nimeamua kuyaweka sehemu moja. Mzee anaambiwa saratani ya kibofu imeshaingia kwenye nyama ya kibofu na kinatakiwa kutoka chote, anarudi zake Mbagala, usiku halali, kesho yake anamtuma kijana wake aniulize kwa simu: baba atakojoaje? Na lile swali la pili kijana anaona aibu kulisema, anaishia "na yale mambo mengine je". Daktari hakuulizwa hata moja kati ya hayo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mzee hakutaka kuonekana anawaza kitanda wakati ana kansa.

Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni wagonjwa wa mkojo, na ninachokiona ni kwamba sehemu kubwa ya kitakachobaki inaamuliwa kabla hujaingia tieta, halafu sehemu nyingine inategemea unafanya nini miezi ile ya mwanzo. Ukinyamaza miaka miwili ndio uje kuuliza, bado kuna msaada ila milango imepungua.

Huu mwongozo haumpiku daktari wako. Uprinti au uusome kwenye simu, nenda nao kliniki.

Kinachotolewa ni nini

Kwa mwanaume, operesheni kamili inatoa kibofu, tezi dume, vifuko vya shahawa na tezi za limfu za nyonga. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita pembeni kabisa mwa tezi dume, kushoto na kulia, myembamba kama uzi. Ikikatwa pande zote, uume hausimami wenyewe tena. Ikibakishwa inakuwa imeguswa na kuvutwa, inalala, na kuamka kwake ni mwaka mpaka miaka miwili. Hamu, hisia za ngozi ya uume na kufika kileleni vinatumia njia nyingine kwa hiyo vinaweza kubaki hata kama hausimami. Shahawa hazitoki tena, hilo ni kwa kila mtu.

Theori imeisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya tarehe ya operesheni

- Daftari, na simu yenye alamu.
- Kopo lenye vipimo vya ml, hata jagi la plastiki la Kariakoo lenye mistari linatosha.
- Pampasi za wakubwa au pedi, na shuka la mpira la kitandani.
- Kama utawekewa mfuko tumboni: mifuko ya mkojo ya kutosha wiki kadhaa na mfuko mkubwa wa usiku wenye mpira mrefu. Angalia vizuri, mfuko wa mkojo una kibomba cha kufungulia chini, mfuko wa choo kikubwa hauna. Watu wanauziwa wa choo wanarudi wanalia.
- Majibu ya bima. Ulizia mfuko wako wa bima kwa maandishi unalipia nini, hasa hiyo mifuko ya kila mwezi, maana operesheni ni mara moja ila mifuko ni maisha.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua kila kitu. Mara nyingi ni mke. Kama ni mtoto wa kiume sawa, ila mke asije akagundua mambo siku ya kurudi nyumbani.

Hatua ya 1: Uliza maswali haya, kwa maneno haya

Usimuulize daktari "nitakuwa sawa?" maana atakujibu "tutajitahidi" na mtaachana hapo. Uliza hivi:

"Daktari, mishipa ya kusimamisha inaweza kubakishwa? Upande mmoja au yote miwili? Kama haiwezekani, ni kwa sababu ya sehemu uvimbe ulipo?" Kama kansa iko shingoni mwa kibofu au imegusa tezi dume, kubakisha mishipa kunaweza kuacha kansa ndani, na hapo mwache daktari akate. Kwanza uishi.

"Je mimi naweza kutibiwa kwa mionzi na dawa bila kutoa kibofu?" Ipo hiyo njia kwa baadhi ya watu: wanakwangua uvimbe kwa ndani mpaka unakwisha, halafu mionzi pamoja na dawa za kansa, na kwetu mionzi maana yake mara nyingi ni hospitali ya kansa ya Ocean Road. Sio ya kila mtu, uvimbe mkubwa au figo iliyojaa maji inakutoa. Na ile kansa ya kibofu inayotokana na kichocho, ambayo kwa watu waliokulia Kanda ya Ziwa tunaiona, ni ya aina tofauti na kwa kawaida operesheni ndio tegemeo. Ila uliza, swali halina gharama.

"Mkojo utapita wapi, na nina chaguo?" Hili linatupeleka mbele.

Hatua ya 2: Chagua njia ya mkojo, usichaguliwe ukiwa umelala

Njia mbili kubwa. Ya kwanza, kipande kifupi cha utumbo, sentimita 15 hadi 20 hivi, kinaunganishwa na mirija ya figo na mdomo wake unatokezwa tumboni upande wa kulia, hapo unabandika mfuko. Hako kadomo wanakaita stoma. Ya pili, kipande kirefu zaidi cha utumbo kinashonwa kuwa kibofu kipya na kuunganishwa kwenye njia yako ya kawaida, unakojoa kwa kupitia uume.

Kila mtu akisikia anataka ya pili. Mimi nasema tulia. Kibofu kipya kina mafunzo ya miezi, kuamka usiku, kulowanisha kitanda, na wengine wanaishia kujipitishia mpira wa mkojo (katheta) wenyewe kila siku ili kukitoa mkojo. Kama figo zako ni dhaifu, au mikono inatetemeka huwezi kujiwekea mpira, au uko mbali na hospitali na hutaweza kuhudhuria, mfuko ni heshima kabisa na mtu anaendesha maisha yake. Nimeona mafundi seremala wanarudi kazini na mfuko, na nimeona mhasibu mwenye kibofu kipya anajuta mwaka mzima wa kwanza. Pia kinyume chake.

Hatua ya 3: Stoma iwekewe alama ukiwa umevaa na unasogea

Hii ikikosewa unaumia kila siku ya maisha yako, na inachukua dakika kumi tu. Kabla ya operesheni muuguzi au daktari akuwekee alama kwa kalamu ya wino. Akuone umesimama, umekaa, umeinama, umelala. Nenda na suruali yako ya kawaida na mkanda wako, alama isiangukie mstari wa mkanda wala kwenye mkunjo wa kitambi. Uweze kuiona mwenyewe bila kioo, wazee wenye tumbo wanaisahau hii.

Kama unaswali, rukuu na usujudu pale pale mbele yake. Usione haya. Mfuko uliokaa kwenye mkunjo utavuja kila ukisujudu na utaacha kwenda msikitini, nimeona. Na suala la udhu wakati mkojo unatoka muda wote, mwone sheikh wako mapema, hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu ipo siku zote na ni nyepesi kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 4: Mambo ya kumaliza kabla

Kama unataka mtoto, au hata hujaamua, hifadhi mbegu kabla ya dawa za kansa na kabla ya operesheni. Kliniki za kupandikiza mimba hapa mjini zipo, uliza bei ya kuhifadhi kwa mwaka. Baada ya hapo hakuna mimba kwa njia ya kawaida.

Sigara acha, angalau wiki nne kabla, na usirudi. Sigara ndiyo chanzo kikubwa cha kansa ya kibofu duniani na hiyo hiyo inabana mishipa ya damu ya uume. Sukari na presha viwekwe sawa kwa sababu hiyo hiyo.

Mwambie daktari ukweli kuhusu hali ya kusimamisha ya sasa. Kama ilishakuwa shida kabla, kubakisha mishipa hakutakurudisha ujana, na dawa mtapanga tofauti.

Hatua ya 5: Jifunze kubana kabla hujakatwa

Misuli ya kubana mkojo inajifunzwa vizuri ikiwa haina maumivu. Lala chali, kunja magoti juu. Bana kama unazuia upepo usitoke mbele za watu, na hapo hapo vuta uume uingie ndani kidogo. Ukifanya sawa utaona korodani zinapanda. Tumbo, makalio na mapaja vinalegea, na unapumua. Bana sekunde 5, achia sekunde 5, mara 10, asubuhi mchana jioni. Ukizoea panda mpaka sekunde 10.

Makosa ya kila siku hapa: mtu anabana pumzi mpaka anabadilika uso, hiyo inasukuma chini badala ya kuvuta juu. Mwingine anafanya zoezi kwa kukata mkojo katikati kila akienda chooni, hapana, hiyo jaribu mara moja tu kuujua msuli basi. Na ukishawekewa mpira wa mkojo baada ya operesheni acha zoezi kabisa mpaka mpira utolewe.

Hatua ya 6: Wodini na wiki za mwanzo

Tembea. Siku ya kwanza au ya pili utaambiwa ushuke kitandani, shuka hata kama unatukana kimoyomoyo, damu kuganda miguuni kunaua watu waliofanyiwa operesheni nzuri kabisa. Kama umeandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda za kuendelea nazo nyumbani, zimalize.

Kwa mwenye kibofu kipya mpira unakaa wiki mbili tatu hivi. Utumbo unatoa ute, ute unaziba mpira, kwa hiyo mtafundishwa kuusafisha kwa maji ya dripu ya chumvi na bomba la sindano. Ndugu ajifunze hilo kabla hamjaruhusiwa. Mpira hautoi kitu saa nzima na tumbo linauma, safisha, ukigoma rudi hospitali usiku huo huo.

Usibebe kitu cha zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, sema hapana. Bodaboda nayo iache kipindi hicho, yale matuta yanafika kwenye mshono.

Hatua ya 7: Kufundisha kibofu kipya

Mpira umetoka. Kibofu hiki hakikuambii kimejaa, utasikia tumbo zito tu au hutasikia kitu. Saa ndio itakuongoza.

Wiki za mwanzo kojoa kila baada ya saa 2 mchana, usiku kila saa 3 kwa alamu. Ndiyo, alamu, saa 5, saa 8, saa 11. Kaa chini kama mwanamke, legeza chini kabisa, kisha sukuma taratibu kwa tumbo, mkono ukibonyeza juu ya kinena. Choo cha kuchuchumaa nacho kinafaa. Subiri, jaribu tena mara ya pili. Pima kwenye kopo, andika. Ukiona hakuna kuvuja, ongeza muda nusu saa nusu saa, wiki kwa wiki, mpaka saa 4. Lengo ni ujazo wa ml 400 hadi 500, usipite hapo, kikitanuka sana kinashindwa kujitoa chote na figo zinapata taabu.

Mazoezi ya kubana yanarudi sasa. Bana kabla ya kukohoa, kunyanyuka, kupanda ngazi ya daladala.

Mchana wengi wanakauka ndani ya miezi michache. Usiku ni mgumu zaidi, unaweza kwenda mwaka na zaidi, kwa sababu ukilala misuli inalala na wewe. Punguza maji saa 2 kabla ya kulala ila jumla ya siku ibaki lita 2 mpaka 3, na kwa joto la Dar la Januari pengine zaidi. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuacha kunywa maji ili asilowane, mkojo unakuwa mzito, ute unaganda, anapata maambukizi. Chumvi usijikatie mwenyewe kama mgonjwa wa presha bila kumuuliza daktari, kibofu cha utumbo kinapoteza chumvi.

Ukitoka, piga hesabu ya foleni. Kutoka Kimara mpaka Posta siku ya mvua inaweza kula masaa yako mawili yote, kojoa kabla ya kupanda hata kama hujisikii.

Hatua ya 8: Kuishi na mfuko

Badilisha asubuhi kabla hujanywa chochote, mkojo unakuwa kidogo. Andaa kila kitu kwanza. Toa mfuko wa zamani taratibu ukishikilia ngozi, osha kwa maji tu au sabuni isiyo na mafuta wala manukato, kausha kwa kupapasa. Kunja kitambaa kisafi weka kwenye mdomo wa stoma kinyonye mkojo wakati unafanya kazi. Kata tundu la mfuko liwe kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Stoma inasinyaa wiki 6 hadi 8 za mwanzo kwa hiyo pima upya kila mara, usikate kumi kwa mpigo. Bandika, kisha weka kiganja juu dakika chache, joto la mkono linaishikisha gundi.

Mafuta ya nazi, losheni, poda ya mtoto pembeni mwa stoma hapana, gundi haitashika. Jasho ndio adui yetu hapa mjini, mfuko uliotakiwa kukaa siku 4 unaweza kukaa 2, usisubiri uvuje, badilisha kabla. Mwaga ukifika nusu, ukijaa unavuta gundi kwa uzito.

Usiku unganisha na mfuko mkubwa, ule mpira upitishe chini ya chandarua upande wa miguuni, mfuko uingie kwenye ndoo sakafuni. Chandarua kikichomekwa juu ya mpira kinaubana, unaamka kitanda chote kimelowa na unadhani mfuko ni feki.

Stoma nzuri ni nyekundu na imelowa kama ndani ya mdomo. Kadamu kidogo ukiifuta ni kawaida. Ikiwa nyeusi au zambarau, hospitali sasa hivi.

Hatua ya 9: Nguvu za kiume

Kidonda kikishapona, kwa kawaida wiki 6, na mpira umetoka, rudi kwa daktari *kwa ajili ya hili tu*. Usilibandike mwisho wa kliniki ya kansa ukiwa mlangoni.

Kwanza vidonge, sildenafili au tadalafili. Vinafanya kazi pale mishipa ilipobaki, havioteshi mshipa uliokatwa. Sildenafili meza saa moja kabla, tumbo likiwa halijajaa mafuta, ukimeza juu ya chipsi mayai inachelewa na utasema dawa mbovu. Kidonge peke yake hakisimamishi, lazima kuwe na kuguswa na hamu. Jaribu mara 6 hadi 8 siku tofauti kabla ya kukata tamaa, na mwezi wa pili kukosa sio sawa na mwezi wa kumi na nane kukosa, kwa hiyo vikigoma mapema vijaribu tena baadaye.

Onyo: kama unatumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi au yoyote ya jamii ya naitreti, usiguse vidonge hivi, presha inaanguka unakufa. Na vumbi la Kongo na zile chupa za "nguvu maradufu" ziache. Dawa nyingi za namna hiyo zikipimwa zinakutwa zimechanganywa sildenafili kimya kimya, hujui kiasi, na wewe una figo za kuchunga.

Vidonge vimegoma, kuna pampu ya kuvuta hewa, inavuta damu kwenye uume halafu unavalisha pete shinani. Pete isizidi dakika 30. Inafanya kazi hata kama mishipa ilikatwa, na inasaidia uume usisinyae. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aulize kwanza. Kuna sindano ya pembeni mwa uume, inatisha kuisikia ila inafanya kazi vizuri, dozi ya kwanza ni lazima kliniki. Uume ukikaa umesimama masaa 4 hiyo ni dharura, sio sifa. Mwisho kabisa kuna vipandikizi vya ndani, hivyo ni baada ya kusubiri mishipa muda wake na kansa kutulia.

Usisubiri usimame ndio umguse mwenzako. Kilele kinaweza kufika bila kusimama, kitakuwa kikavu, wengine wanasema hafifu wengine wanasema vile vile. Mwenye kibofu kipya akojoe kwanza kwa sababu inaweza kuvuja pale pale. Mwenye mfuko aumwage, aukunje, afunge kitambaa au mkanda mpana. Mweleze mke mapema, wanawake wengi wanadhani mume kaacha kuwataka au kapata mwingine, kumbe mzee anaogopa mfuko.

Matatizo ya kila siku

*Mkojo una nyuzi nyeupe kama makamasi.* Ni ute wa utumbo, kawaida, ongeza maji. Ukiziba safisha.

*Nimepima mkojo dukani wanasema nina UTI.* Mkojo uliopita kwenye utumbo karibu siku zote una bakteria. Bila homa, maumivu ya ubavu au kuumwa, usimeze antibayotiki. Na kipimo kisichukuliwe kwenye mfuko uliokaa siku mbili.

*Homa na ubavu unauma.* Hospitali leo, sio kesho, inaweza kuwa figo.

*Nimechoka ovyo, sina hamu ya kula, kichefuchefu.* Kibofu cha utumbo kinarudisha tindikali kwenye damu. Kipimo cha damu kinaonyesha, mara nyingi tiba ni vidonge vya bikaboneti.

*Nakojoa matone matone, tumbo limejaa.* Hakijitoi. Utahitaji kufundishwa kujipitishia mpira. Usisukume kwa nguvu mpaka ngiri itoke.

*Ngozi pembeni mwa stoma ina ukoko mweupe mgumu.* Siki nyeupe kiasi sawa na maji, kitambaa dakika chache ukibadilisha, halafu suuza. Na tundu lako labda ni kubwa mno.

*Nina mfuko lakini damu inatoka kwenye uume.* Ute kidogo ni sawa. Damu sio sawa, kansa inaweza kujitokeza kwenye njia iliyobaki, nenda.

*Najisikia mzima, kliniki ya nini?* Mrija wa figo unaweza kuziba polepole bila maumivu yoyote, figo inakufa kimya. Ndio maana kuna utrasaundi au CT, kipimo cha figo, na vitamini B12 kila mwaka hasa kwa kibofu kipya.

*Nasafiri mkoani nikizidiwa je?* Andika kikaratasi weka nyuma ya kava la simu: "Sina kibofu wala tezi dume. Nina kibofu cha utumbo. Mpira uwekwe taratibu na mtu mwenye uzoefu, na usafishwe ute mara kwa mara." Chini yake mwaka wa operesheni, hospitali, na namba ya ndugu. Wa mfuko aandike hivi: "Mkojo unatokea stoma upande wa kulia, usiweke mpira kwenye uume."